Mashine imefika Mtwara, dumu bado liko kichwani

Malipo ya korosho yakishatoka, bajaji za Mtwara mjini hazilali. Enzi za wazee ilikuwa mabati, magodoro na redio. Miaka hii ukisimama njia ya kutoka sokoni kwenda Magomeni au Chikongola hutakaa sana kabla hujaliona boksi refu limesimamishwa kwenye kiti cha nyuma, mwenyewe kalikumbatia kama mgonjwa anayewahishwa hospitali ya Ligula. Ndani mna mashine ya kufulia, aghalabu ile ya matangi mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia, imenunuliwa taslimu au kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo. Boksi likishushwa tu, ubishi unaanza barazani. Huyu anasema wanawake wa leo wameshindwa hata kufua, sasa ndoa zitasimama juu ya nini. Yule anajibu kwamba mwanamke wa Kusini amekombolewa, kuchele, beseni likae pembeni.

Mimi naona wote wawili wanaipa mashine makuu isiyo nayo. Mashine ya kufulia imekuwapo duniani, kwa sura moja au nyingine, kwa zaidi ya miaka 250, na kumbukumbu za kule ilikopita kwanza zinaonyesha jambo ambalo wauzaji hawaliandiki kwenye boksi. Kazi ya kufua ilipungua pale maji yalipoingia ndani ya nyumba. Mashine yenyewe, ilipowekwa moja kila nyumba, ilimrudishia mama kazi ambayo alikuwa ameshaanza kuitoa nje kwa malipo. Hoja yangu basi ni kwamba Mtwara na Lindi hatulazimiki kupita njia hiyo hiyo. Mashine yetu ya kwanza ingefaa iwe ya mtaa, ikae karibu na maji, na anayeizungusha awe analipwa.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wanaume tunaibishania bila kuijua. Ukisema kufua, mtu anafikiria kusugua, kwa kuwa ndiko kunakoonekana: mama kainama, povu mpaka kwenye viwiko. Lakini kabla ya kusugua kuna kuteka na kubeba, kuna kuloweka, na baada yake kuna kusuuza mara mbili au tatu, kukamua, kuanika, kuanua mvua ikitisha, kukunja na kupiga pasi. Mashine ya matangi mawili inakuchukulia kusugua na kukamua. Kukamua ndiko kunakostahili shukrani zaidi, na aliyewahi kukamua blanketi anajua: mmoja anashika huku, mwenzake kule, kila mtu anapinda upande wake mpaka blanketi linakuwa kama kamba ya nanga, na bado usiku linadondosha maji. Kwa tangi la kukamulia, dakika chache zinatosha, na wakati wa masika, nguo zinapokaa kambani siku mbili zikaanza kutoa uvundo, tofauti hiyo si ndogo. Hata hivyo mashine hiyo hiyo inataka maji ya kufulia na ya kusuuza, na mzigo mmoja wa nguo za nyumba yenye watoto unakula dumu sita au saba za lita 20. Zikitoka bombani uani, hesabu imeisha. Zikitoka kwenye kizimba cha maji cha mtaa, mtu amebeba kilo 120 au 140 kichwani ili mashine ipumzishe mikono yake.

Huku kwetu habari ya maji si ya kupitia juu juu. Uwanda wa juu wa Makonde, kule Newala na Tandahimba, una udongo wa kichanga unaoyanywa maji ya mvua mpaka chini kabisa, kwa hiyo vijiji viko juu na maji yako bondeni. Vizazi kadhaa vya wanawake vimeshuka na kupanda kwa sababu hiyo. Mradi wa maji wa Makonde ulianza zama za mkoloni, miaka ya 1950, na baadaye Wafini, watu wa Finland, walifanya kazi Mtwara na Lindi tangu miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakichimba visima na kuweka pampu, lakini mpaka leo nyumba nyingi za Newala zinathamini tangi la maji ya mvua kuliko sebule. Pwani tatizo ni jingine. Kisima kipo hatua chache kutoka mlangoni, ila maji yake yana chumvi, sabuni haitoi povu, unamaliza nusu mche kwa mashuka mawili na nguo zinakauka zikiwa ngumu kama turubai. Mtu wa namna hii ukimpa mashine umempa kitu kizuri, lakini umejibu swali ambalo hakuuliza kwanza.

Sasa twende kwenye historia. Mwaka 1767, katika mji wa Regensburg huko Ujerumani, mchungaji na mwanasayansi aitwaye Jacob Christian Schäffer alichapisha mchoro na maelezo ya mashine yake ya kufulia, pipa la mbao lenye mpini wa kuzungushia. Mwaka 1782 Mwingereza Henry Sidgier akapata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ya mashine ya pipa linalozunguka. Karne iliyofuata ilijaa mapipa, mipini na zile rola mbili za kukamulia ambazo zilinasa vidole na mikono ya watu, watoto wakiwamo. Umeme ulipofika, Alva Fisher wa Chicago alipewa hataza mwaka 1910 na watu wengi humtaja kama mvumbuzi wa mashine ya umeme, ingawa mashine za umeme zilikuwa zimeshatangazwa magazetini kabla yake. Mwaka 1937 kampuni ya Bendix ilileta ile inayojaza maji, kufua, kusuuza na kukamua bila kuguswa, ikitikisika kiasi kwamba ilibidi ifungwe sakafuni kwa bolti. Ile inayopanda bajaji ya Chikongola ina ukoo tofauti kidogo: ni ndugu wa mashine ndogo za sahani inayozunguka, ambazo Sanyo walianza kuziuza Japani mwaka 1953, wakaongeza tangi la pili la kukamulia mwaka 1960. Wajapani wa wakati huo waliihesabu mashine ya kufulia pamoja na televisheni na friji kuwa hazina tatu za nyumba. Nadhani wengi wetu tungeipokea hesabu hiyo bila kubadilisha kitu.

Kinachonivutia katika mlolongo huo ni maji. Mkulima wa Marekani asiye na umeme aliweza, tangu miaka ya 1910, kununua mashine ya Maytag yenye kijinjini cha petroli. Jinjini lilifua, lakini maji yalibebwa kwa ndoo kutoka kisimani na kuchemshwa kwa kuni. Hata mwaka 1940, wakati nyumba nyingi za Marekani zimeshapata umeme, karibu nusu ya nyumba zote hazikuwa na mfumo kamili wa maji na choo ndani. Tunapoonyeshwa picha za zamani za mama wa Kimarekani amesimama kando ya mashine yake inayong'aa, tukumbuke kwamba wengi wa majirani zake walikuwa wakiijaza kwa ndoo. Wauzaji walipiga picha ya mashine na ndoo wakaiacha nje ya fremu.

Mwaka 1974 mtafiti Joann Vanek alilinganisha kumbukumbu za muda wa kazi za nyumbani Marekani tangu miaka ya 1920 hadi 1960. Mama asiye na ajira alikuwa akifanya kazi za nyumbani zaidi ya saa 50 kwa wiki mwanzoni, na mwishoni, baada ya mashine zote hizo, bado alikuwa juu ya saa 50. Muda wa kufua ndio uliomshangaza zaidi, kwa sababu ulikuwa umeongezeka. Mwanahistoria Ruth Schwartz Cowan alikuja kuufafanua mtego wenyewe miaka michache baadaye. Kabla ya mashine kuenea, familia nyingi za mjini zilikuwa zikipeleka nguo kwa mafundi wa kufua, au zikimwita mwanamke wa kuja kufua siku moja ya wiki. Biashara hiyo ilikuwa kubwa sana kufikia miaka ya 1920. Mashine ikaingia ndani, na kwa kuwa imo ndani, kazi ikawa ya mwenye nyumba, yaani mama, peke yake. Wakati huo huo shati lililokuwa likivaliwa siku tatu likaanza kuvaliwa siku moja, na shuka la wiki mbili likawa la wiki moja. Siku ya kufua ikasambaa wiki nzima. Kila kilichookolewa kwa kusugua kililipwa kwa wingi wa nguo.

Najua jibu la upande wa pili, na ni jibu zito. Msweden Hans Rosling, mtaalamu wa afya na takwimu aliyefariki mwaka 2017, alitoa mhadhara mwaka 2010 akisimulia siku mashine ya kwanza ilipoingia kwao: bibi yake aliyefua kwa mkono maisha yake yote aliomba yeye ndiye abonyeze kitufe, kisha akavuta kiti akakaa kuitazama mpaka mwisho. Mama yake akapata muda wa kumpeleka Hans maktaba. Gazeti la Vatikani, L'Osservatore Romano, mwaka 2009 katika Siku ya Wanawake lilithubutu kuandika kwamba mashine ya kufulia huenda imewakomboa wanawake kuliko vidonge vya uzazi wa mpango. Wapo pia wachumi wanaosema vifaa vya nyumbani vimebadilisha dunia kuliko intaneti. Siwadharau hata kidogo. Mwanamke wa Marekani aliyefua Jumatatu kutwa nzima kwa maji ya moto na mikono iliyochubuka hakuwa akitamani kurudi huko, na takwimu za saa hazipimi uchovu wa mgongo. Muda wa mama ni mali, na mtoto anayesomewa kitabu ni faida halisi.

Ila huko huko Sweden, nchi ya Rosling, majengo ya ghorofa kwa miongo mingi yamekuwa na chumba kimoja cha kufulia chini, chenye mashine za wote na ratiba ukutani: leo saa nne ni zamu ya fulani, saa saba ya fulani. Wamegombana sana kuhusu zamu hizo, wamebandikiana vikaratasi vya matusi ya kistaarabu, lakini wamefua. Nchi tajiri ilikaa na mashine ya pamoja bila kujiona maskini. Na huko Liverpool, Uingereza, kipindupindu kilipoingia mwaka 1832, mwanamke maskini aliyehamia kutoka Ireland, Kitty Wilkinson, ndiye aliyekuwa na bwela la kuchemshia maji mtaani kwake. Akawafungulia majirani waje kufulia nguo na matandiko ya wagonjwa. Kutokana na jiko lake mji ukajenga nyumba ya umma ya kufulia mwaka 1842, na mwaka 1846 Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kuwezesha miji mingine kujenga za kwao. Njia ya pamoja ilikuwapo na ilifanya kazi. Mashine ya kila nyumba ilishinda kwa sababu kiwanda kinauza mashine mia kwa nyumba mia, na mashine tano kwa chumba kimoja cha pamoja.

Hapa kwetu kufua kwa malipo hakukuanza jana. Sabuni tumeipokea kutoka kwa Waarabu, jina na kitu, na dobi tumempokea kutoka Uhindini kwa jina lake la dhobi. Katika miji ya pwani dobi alikuwa mtu wa heshima yake, mwenye pasi ya mkaa na meza iliyotandikwa blanketi, akijua kanzu ya nani inataka wanga na ya nani haitaki. Na alikuwa mwanamume. Katika nyumba za wakoloni pia mfuaji aliyelipwa kwa kawaida alikuwa mwanamume. Yaani mikono ile ile inayodaiwa haikuumbiwa kufua, palipowekwa mshahara ilifua vizuri sana, ikanyoosha na kola. Kufua kunakuwa kazi ya kike pale tu kusipokuwa na malipo. Ukiliona hilo, ubishi wa barazani kuhusu asili ya mwanamke unapungua uzito.

Maana hoja dhaifu kuliko zote ni hiyo ya uvivu, na inasemwa kwa kujiamini kuliko zote. Inadai kwamba mke asiyefua kwa mkono amepoteza kitu cha uke wake. Anayeisema namwuliza: mama yako aliacha lini kutwanga? Zamani kinu na mchi vilikuwa kila ua, na mlio wa kutwanga ndio uliokuamsha. Mashine ya kusaga ilipofika, akina mama walijitwisha debe la mahindi wakalipeleka, wakalipia, wakarudi na unga. Hakuna baraza lililokaa kuwaita wavivu kwa muda mrefu, na leo mwanamume atakayedai ugali wa unga uliotwangwa nyumbani atachekwa mtaa mzima. Tena angalia jambo la pili ndani ya mfano huo: hakuna aliyesema kila nyumba inunue mashine yake ya kusaga. Moja inatosha mtaa. Sioni kwa nini nguo zisifuate mkondo wa mahindi. (Ajabu ni kwamba vijana wakiishiwa pesa husema wamefulia. Sijui aliyeanzisha msemo huo, lakini nashuku hakuwa mtu aliyefua.)

Pingamizi zenye uzito ni nyingine. Ya kwanza ni ya tohara, yaani usafi wa ibada, na anayeipuuza hajui pwani hii. Wengi wetu hapa ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na kwao maji machache yakiingiwa na najisi yananajisika yote. Nguo ya mtoto aliyejikojolea ikitupwa kwenye tangi pamoja na kanzu ya kuswalia, usafi wa macho haumalizi swali. Nimemwona bibi mmoja Mikindani akizitoa nguo kwenye mashine ya mjukuu wake, zimeshakamuliwa na zinanukia, akazipanga kwenye beseni moja moja na kuzimiminia maji safi kwa kata, akizigeuza, mpaka moyo wake ulipotulia. Mjukuu alikuwa amesimama mlangoni na simu, amenyamaza. Bibi hakuikataa mashine. Aliiongezea hatua ambayo kiwanda hakikuijua. Sasa kama anafanya hivyo kwa nguo za ndani ya nyumba yake, atazichanganyaje na za watu asiowajua? Na nguo za ndani ndizo kabisa, mwanamke wa hapa hampi dobi wala mtoto wa jirani. Jibu langu ni kwamba huduma ya mtaa haihitaji kuchanganya. Mzigo mmoja, mteja mmoja, kilo zake zinapimwa mbele yake, maji ya mwisho yanamiminwa juu ya nguo, na vile vya sitara vinabaki nyumbani kwenye ndoo ndogo kama ilivyo sasa. Kinachotafuna migongo ni mashuka, mablanketi, jinzi na sare za shule.

Uchanganyaji una hasara nyingine pia, na hiyo nimeilipia. Kanzu yangu nyeupe niliyoiweka kwa ajili ya Idd ilirudi kutoka kwa dobi mmoja wa mashine ikiwa na rangi ya sharubati ya rozela, kwa sababu mtu aliitia pamoja na kanga mpya ambayo haijaonja maji ya chumvi. Nyanya zetu wasingefanya kosa hilo. Kanga mpya ililowekwa peke yake. Ujuzi wa kufua upo, na mashine haiji nao kwenye boksi. Kuna madoa ya huku ambayo hata kitabu cha maelekezo hakiyataji. Shati la mpuliziaji wa salfa, mikorosho inapotoa maua, limejaa unga wa njano usioyeyuka katika maji. Ni lazima likung'utwe nje, mbali na watoto, ndipo liloweshwe, la sivyo harufu inahamia kwenye nguo zote zilizolala nalo. Maji ya mabibo yakikaukia kwenye nguo yanageuka kahawia, na nimeona watu wakiizungusha mashine mara tatu bila doa kutikisika. Mama anayejua kuliwahi doa hilo likiwa bichi ana ufundi wa kuuzwa.

Pingamizi la pili linaniuma zaidi. Mtwara na Lindi zina wanawake wanaoishi kwa kufulia watu, wanaopita nyumba hadi nyumba wakilipwa kwa beseni au kwa siku. Boksi moja likishushwa kutoka kwenye bajaji, mmoja wao amepoteza nyumba. Aliyenunua hakosei, anapanga fedha zake. Na kwa wenye dada wa kazi mara nyingi mashine hainunuliwi kabisa, kwa kuwa mikono yake ni rahisi: kima cha chini kilichotangazwa mwaka 2022 kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wa kawaida kilikuwa shilingi 60,000 kwa mwezi, na sote tunajua hata hicho kilivyokwepwa. Kwa hiyo mashine ya nyumbani inakwenda kwa mwenye nafasi, inamnyima kibarua asiye nayo, na yule binti anayefua kwa mshahara mdogo wa namna hiyo inampita pembeni. Wanawake hao hao wakiwa ndio wenye mashine ya mtaa, njia inageuka. Mteja anabaki wao, ufundi wa madoa ni wao, na kitu kinachobadilika ni mgongo.

Watu watauliza umeme. Huu ndio mkoa wa gesi ya Msimbati, na Songosongo iko Lindi, kwa hiyo swali hilo huja na kejeli kidogo, hasa umeme ukiwa umekatika. Lakini hesabu yake ni nyepesi kuliko inavyotangazwa. Mota ya mashine ndogo ya wati 300 na kitu, ikizunguka saa nzima kwa maji baridi, haimalizi nusu uniti. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka kwa saa hiyo hiyo imekula uniti moja. Kinachokula umeme katika mashine za otomatiki ni kuchemsha maji, desturi ya nchi za baridi ambayo sisi wenye jua la namna hii hatuihitaji, kama tusivyohitaji mashine ya kukaushia. Maji ndiyo gharama, na maji yanabebeka kwa bei ndogo zaidi yakibebwa mara moja kwa wote: simtanki moja, pampu moja, mashine tatu.

Fedha za kuanzia hazihitaji kutoka mbali. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejea mwaka 2024. Tumezoea kuona ikienda kwenye batiki, maandazi, bodaboda na ufugaji wa kuku. Sina hakika kama kikundi ndicho chombo bora; mashine nyingi za kusaga za vikundi zilikufa mkanda ulipokatika na kila mtu akamtazama mwenzake, ilhali za mtu binafsi ziliendelea kunguruma. Huenda mama mmoja mwenye wasaidizi wawili akafanya vizuri kuliko wanachama kumi wenye katiba na muhuri. Hilo waamue wakopeshaji, ila waione kazi hii kuwa biashara. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania, na umeifanya meko iwe jambo la taifa. Beseni halijapata bahati hiyo, pengine kwa kuwa halitoi moshi.

Kuna mahali pa kuanzia padogo kuliko mkakati. Kizimba kipya cha maji kikichorwa kwa ajili ya mtaa au kijiji, mchoro huwa na koki, ngazi ya kuwekea ndoo na kijumba cha mkusanya fedha. Kuongeza sakafu ya saruji hatua kumi kutoka kokini, mfereji wa kupeleka povu kwenye migomba, paa la bati na soketi moja hakubadilishi mradi. Mwenye mashine atakuja mwenyewe, kama mwenye mashine ya kusaga alivyokuja. Kwa sasa, kwenye vizimba vingi nilivyopita, kuhusu kufua kumeandikwa kitu kimoja tu, kwa rangi nyekundu ukutani: marufuku kufulia hapa.